Kupiga Pondo Kwezinga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kushuka kwenye mtumbwi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, shule nimeiachia kidato cha pili, na usiku mzima nilikuwa nimeota navuka ziwa la Kwezinga nimesimama wima, watu wa ng'ambo wananipungia mikono. Asubuhi nikakabidhiwa pondo, nikaambiwa niende mpaka kwenye matete halafu nirudi. Nilikwenda nikiyumba, nikarudi nikiyumba zaidi. Nilipokaribia gati nikatoa salamu kwa adabu zote nilizofundishwa na mama.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Shemboza, ambaye cheo chake kilikuwa Mkuu wa Mitumbwi, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anaziba tundu la wavu. Hakuitika. Pua ya mtumbwi ikagonga nguzo ya gati, nami nikapiga magoti bila kukusudia.

"Rudi," akasema, macho yake bado yako kwenye wavu.

"Nirudi wapi, Mzee?"

"Ulikotoka. Halafu uje tena."

Nikarudi. Nikaja tena, nikasalimia tena, nikagonga tena. Wavuvi waliokuwa wanachambua samaki wao wakaacha kuchambua, wakageuka kunitazama mimi. Jua likiwa limeshapanda juu ya migomba, mtumbwi ulikuja taratibu, nikauzuia kwa pondo kutoka nyuma, ukaligusa gati kama paka anavyojisugua mguuni kwa mtu. Ndipo Mzee akainua uso.

"Marahaba, mwanangu. Sasa shuka unywe chai."

Mama aliposikia habari hizi alitaka kwenda kumwuliza ni mtu mzima gani asiyeitikia shikamoo ya mtoto wa watu. Ilibidi nimweleze utaratibu wa pale. Kwezinga salamu ulikuwa unaitoa ukiwa majini, na marahaba ulikuwa unaipata ukishafika vizuri. Ukigonga gati hupewi, hata uwe na ndevu. Nilimwona mwenyewe Mwenyekiti wa kijiji akirudishwa, siku aliyojaribu kupiga pondo mbele ya wageni ili waone kuwa naye anaweza. Alirudi, akaja tena, akagonga tena, mwisho akaomba kamba avutwe.

Nayaandika haya kwa ajili ya wadogo zangu wanaopita pale sasa wakaona kabichi, wakadhani pamekuwa kabichi tangu dunia iumbwe. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Nikisema hivyo watu hucheka, na mimi hucheka nao, maana kucheka ni ugonjwa wangu wa kuzaliwa. Lakini ni kweli. Sikuzeeka mimi. Ziwa ndilo lililotangulia kustaafu, na mpiga pondo bila maji ni mtu aliyeshika mti tu.

Kwezinga lilikuwa ziwa dogo, kwenye bonde, upande wetu wa Malindi, ile ya Lushoto, milima imelizunguka kama watu waliokaa kuota moto. Asubuhi tulivu ungeweza kumwita mtu wa ng'ambo naye akakwambia acha kelele. Mto uliingia upande wa juu, mahali tulipopaita mdomo, na hapo matete yalikuwa yameota mengi na marefu, yakishika mdomo wote. Gati na nyumba zetu vilikuwa huku. Ng'ambo kulikuwa na gati jingine dogo, halafu kichaka cha mikuyu, na ndani ya kichaka hicho makaburi ya wavuvi. Kufika huko kwa miguu ilibidi upande njia ya mgongoni mwa mlima na kushuka upande wa pili, njia ambayo mvua ikinyesha hata mbuzi hufikiri mara mbili.

Kina chake kilikuwa kifupi, na ndiyo maana hatukutumia kasia. Kasia katika maji mafupi linavuruga tope na kuwafukuza samaki. Tulitumia pondo, mti mwembamba mrefu wa mkaratusi, umeparuliwa maganda na kupakwa mafuta. Unalichomeka mpaka liguse chini, unasukuma huku mikono inapanda juu yake, halafu unalizungusha kidogo ili tope liachie, unalichomoa. Hapo kwenye kuzungusha ndipo ilipokuwa kazi yote.

"Likikwama, liachie," Mzee alinifundisha. "Usiling'ang'anie. Mtumbwi utakwenda zake, wewe utabaki unaning'inia juu ya mti kama popo. Pondo tutalifuata baadaye. Wewe tutakufuatia wapi?"

Kila pondo lilikuwa na alama tatu zilizochomwa kwa chuma cha moto. Ya chini iliitwa goti, ya kati kiuno, ya juu kifua. Zilipimwa kwa mwili wa Mzee Shemboza, ambaye alikuwa mfupi, kwa hiyo kifua chake kilikuwa tumbo la Hoza. Hoza ndiye mvuvi niliyepangwa naye mwanzoni, kijana mrefu, mwenye maneno. Ukiuliza maji yakoje, unajibiwa kwa alama. Mwaka nilioanza, katikati ya ziwa palikuwa kifua masika yote, na kiuno hata kiangazi kikali.

Kazi yangu kwa Hoza ilikuwa kumtembeza wakati wa kutega na kutegua. Nyavu zilitegwa jioni, juu zikielea kwa vipande vya kandambili kuukuu, chini zikivutwa na mawe madogo. Alfajiri tulikwenda kutegua. Tulipata perege, na kambale siku Mungu akipenda. Masika tulifunga maji, maana yake hakuna kutega mpaka perege wamalize kulea, na Afisa Uvuvi alikuja na pikipiki yake kupima matundu ya nyavu kwa vidole.

"Zaina, unacheka nini?" Hoza aliniuliza asubuhi moja, ukungu umetufunika hata simwoni vizuri.

"Nawaza."

"Unawaza nini saa hizi, na baridi yote hii?"

"Boti. Nataka siku moja niwe na boti la mbao, la bluu, lina paa na mapazia. La kuvushia bibi harusi."

"Mapazia kwenye boti. Na kitanda je?"

"Wewe nitakualika uoshe sakafu."

"Shika pondo, mama mapazia, tunaingia kwenye wavu."

Boti halikuwa ndoto ya hewani. Wakati ule wageni walikuwa wameanza kuja. Walitoka Lushoto mjini, walitoka Mombo kwenye joto, wakija kupumzika kando ya maji baridi. Mtu mmoja wa mjini akakodi kipande cha ufukwe kwa kijiji, akajenga vibanda vya nyasi na jiko la kukaangia samaki. Sisi tulimwita Meneja. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia isiyotoka kichwani, na aliona haraka kwamba wageni wanapenda mpiga pondo anayecheka. Nikahamishwa kutoka uvuvi kwenda wageni, na ile ndiyo nahesabu kuwa cheo changu cha pili.

Kazi ya wageni ilikuwa nyingine kabisa. Mvuvi anataka samaki, mgeni anataka kupigwa picha. Sikukuu za Idi na Pasaka gati lilijaa mpaka likalia. Walikuja wanafunzi na walimu wao, zikaja kwaya, wakaja maharusi. Kuna bibi harusi mmoja gauni lake lilijaza mtumbwi mzima, bwana harusi akabaki amesimama ufukweni na suti yake, nikamfuata kwa safari ya pili kama mzigo uliosahauliwa. Nikirudi, Mzee Shemboza yuko pale pale kwenye ndoo.

"Shikamoo, Mzee."

Kimya, mpaka niguse.

"Marahaba. Umemleta na mwenyewe? Nilidhani ameoa gauni."

Mwaka wa tatu wa kazi yangu alifariki kaka yake Mzee, mvuvi wa zamani aliyekuwa hawezi tena kutembea. Hapo ndipo nilipoiona desturi ya Kwezinga kwa macho yangu. Mvuvi wa pale hakuzungushwa njia ya mgongoni. Alivushwa. Jeneza liliwekwa katikati ya mtumbwi mkubwa, watu wawili wakalishika, mpiga pondo akasimama nyuma, na mitumbwi mingine ikafuata kimya, hakuna kuzungumza mpaka ng'ambo. Siku hiyo Mzee alinichagua mimi. Palikuwa na minong'ono, kwa kuwa kwetu mwanamke haendi makaburini. Imamu wa msikiti wetu akasema mtumbwi si makaburi, nipige pondo mpaka ufukweni, nisishuke. Nikapiga. Wanaume wakapanda na jeneza kwenye mikuyu, mimi nikabaki nimekaa mtumbwini, nasikia majembe.

Tuliporudi, Mzee alibaki nyuma yangu gatini, anakunja kanzu yake isilowe.

"Na mimi siku yangu utanivusha wewe," akasema. "Hoza anatikisa."

"Mzee, usiseme hivyo jamani."

"Nimeomba kuvushwa, sijaomba kufa. Utanivusha?"

"Nitakuvusha."

"Na usigonge gati. Siku hiyo sitaweza kukurudisha."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilikuwa na miaka ishirini, maji kifua, na niliona nimeahidi kitu chepesi kabisa.

Sasa nieleze habari ya matete, maana ndiyo iliyobeba yote.

Zamani kabla ya nyavu za dukani, wavuvi wa Kwezinga walivua kwa migono, ile mitego ya kusukwa inayofanana na kikapu kirefu, samaki akiingia hajui kutoka. Migono ilisukwa kwa matete ya mdomoni. Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Matete yalikatwa kwa ukanda. Mwaka huu unakatwa ukanda mmoja, mwaka kesho ukanda wa pili, ule wa kwanza unaachwa ukue. Aliyekata nje ya zamu alinyang'anywa migono yake. Babu zetu walipotuambia tusikate ovyo, walitwambia ni kwa sababu migono itakosekana. Hiyo ndiyo sababu waliyotupa, nasi tukaishika hivyo hivyo. Basi nyavu za dukani zilipopanda kutoka Mombo na migono ikaozea darini, ule utaratibu ukawa hauna kazi tena. Nani analinda matete ya kusukia kitu kisichosukwa?

Meneja akaitisha kikao kwenye vibanda. Akasema wageni wanashuka kwenye gari barabarani juu, wanaangalia chini, wanaona majani tu. Wakiona maji watashuka wengi zaidi. Akauliza kwa adabu kama matete yanaweza kuondolewa.

Watu wakamgeukia Mzee Shemboza. Akafikiri kidogo.

"Migono hatusuki tena," akasema. "Yakatwe."

Afisa Uvuvi alikuwepo, akasema upande wa sheria ya nyavu hakuna tatizo. Mwenyekiti akashukuru. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyekuwa na la kupinga. Tulikata wote kwa panga na majembe tukang'oa na mizizi, kazi ya wiki nzima, na tulikata kwa furaha. Wanawake walipika, vijana waliimba, Mzee mwenyewe alikuwa mbele amekunja suruali. Tulipomaliza tukapanda mpaka barabarani tukaangalia. Ziwa lilikuwa limefunguka lote, linang'aa kama sinia. Meneja akanishika bega.

"Hapa sasa panataka boti lako la bluu, Zaina."

Nililala siku hiyo nachagua rangi za mapazia.

Juu ya mdomo, milima yote ni mashamba. Kabichi, karoti, viazi, mpaka mahali ambapo mtu akipalilia hujifunga kamba asidondoke. Mvua za vuli zilipokuja, mto ulishuka mwekundu kama kawaida yake. Miaka yote ulikuwa unashuka mwekundu, ukiingia kwenye matete unatoka mweupe upande wa pili, nasi hatukuwahi kujiuliza wekundu ule unabaki wapi. Sasa hakukuwa na kitu cha kuuzuia. Uliingia moja kwa moja mpaka katikati, ukatandaza.

Mwanzoni tulidhani ni mvua mbaya ya mwaka mmoja. Kiangazi kilichofuata katikati palikuwa juu ya goti kidogo. Masika mengine yakaja, badala ya kifua tukapata kiuno. Perege wakawa wadogo kama kiganja cha mtoto. Hoza akategua nyavu zikiwa na tope tupu, akazikung'uta, akaniambia anavua kuta za nyumba.

Si kwamba tulikaa. Tulichimba mfereji mdomoni, mvua moja ikaufukia. Tulirudishia matete, lakini tope jipya lilikuwa linapita kwa kasi mno, likayalaza kabla hayajashika. Tukapanda kuongea na wakulima. Aliyekuwa na shamba kubwa juu ya mdomo ni Baba Rukia, mtu wa maneno machache, mikono kama magome. Alitupokea vizuri, akatupa viazi vya kuchemsha.

"Mnadhani nafurahi?" akasema. "Nimepanda juu hapa karoti, mvua imekuja, karoti zimekwenda kwenu na udongo wake. Mimi natafuta shamba langu, nyinyi mnatafuta ziwa lenu. Vyote viko mahali pamoja."

Akaahidi kuweka makingamaji, yale matuta ya kuzuia udongo, na aliweka. Mashamba ya milima mingine yalikuwa ya watu wengi, na wengine walikuwa wamekodi tu kwa msimu mmoja, hao hawakuweka.

Wageni wakapungua. Bibi harusi mmoja tulikwama naye katikati, viatu vyake vyeupe vikapita mikononi mwa wavulana mpaka nchi kavu, mwenyewe akabebwa analia. Hakuja mwingine. Meneja alikaa msimu mmoja zaidi akiangalia vibanda vyake, halafu akafungasha. Alipokuja kuniaga alivua kofia, na ndipo nikajua kumbe ana upara.

"Lile boti, Zaina," akasema, akairudisha kofia kichwani.

Hoza akashuka Mombo kuendesha bodaboda. Nikabaki mimi, wazee wawili watatu wanaovua kambale kwenye vidimbwi, na Mzee Shemboza, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Sasa hakuwa akija gatini. Alilazwa kwenye chumba cha mbele, dirisha linaangalia bonde, lakini macho yake yalikuwa hayafiki tena mpaka majini. Kila asubuhi nilipita kumjulia hali.

"Leo maji yako wapi?" angeniuliza kabla ya yote.

"Juu ya goti, Mzee."

"Goti linatosha mtumbwi."

"Linatosha."

Wiki zikapita, kiangazi kikakaza. Baridi ya mwezi wa saba iliondoka bila tone la mvua.

"Leo?"

"Goti, Mzee."

"Basi nifanye haraka," akasema, akacheka mpaka akakohoa, na mkewe akanitazama kwa jicho la kunitoa nje.

Mkewe, Mama Hadija, alinifuata uani. "Unamwambia ukweli wa nini? Mwambie kifua, alale vizuri."

"Ananiuliza kama mpiga pondo, Mama. Nikimdanganya atajua."

Akafuta mikono kwenye kanga. Baada ya hapo nilipokuwa nikitoka alikuwa ananisindikiza mpaka njiani, na yeye ndiye aliyeniuliza kwa sauti ya chini maji yako wapi.

Maji yakawa chini ya goti. Yakawa kifundo, alama ambayo haikuwepo kwenye pondo lolote, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri itahitajika. Mwisho katikati ya ziwa palikuwa ugali mzito mweusi, unaong'aa juu kidogo. Mtu akiukanyaga anazama mpaka pajani, na mtumbwi ukiwekwa juu yake hauelei. Asubuhi hiyo Mzee hakuuliza. Alinishika kidole tu. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa.

Alifariki kesho yake, adhuhuri.

Azikwe baada ya swala ya alasiri, ndivyo ilivyopangwa. Watu wakajaa, na Hoza akapanda kutoka Mombo bado na koti lake la pikipiki. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba tuzunguke njia ya mgongoni, tukiondoka mapema tutawahi. Wote waliona ziwa lilivyo.

Mimi nilikuwa nimesimama na wanawake. Nilikwenda nikachukua pondo langu ukutani kwake, lilikuwa limeegeshwa pale tangu masika, nikasimama nalo mbele ya wanaume. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema tu, "Aliniomba nimvushe."

"Zaina, mwanangu," Mwenyekiti akasema, "maji hakuna."

"Najua hakuna."

"Sasa utapiga pondo wapi?"

Halafu Baba Rukia, aliyekuwa nyuma kabisa na watu wa mashamba ya juu, akaanza kukunja suruali yake. Alikunja mguu mmoja, akakunja na wa pili, akavua viatu akavipanga vizuri kando ya njia.

"Mtumbwi hauhitaji kuelea," akasema. "Unahitaji kusukumwa."

Wakashuka. Sikuwahesabu, lakini wengi wao walikuwa wakulima. Mtumbwi mkubwa ukatolewa, chini yake ukapakwa mafuta ya kupikia kutoka jiko la Mama Hadija. Jeneza likawekwa katikati. Hoza akakaa mbele kulishika, mimi nikasimama nyuma. Imamu alinitazama, akasema, "Kama siku ile. Mpaka ufukweni." Wanaume wakaingia tope pande zote mbili, wakashika ukingo, wakasukuma.

Hakuna aliyezungumza, maana desturi ilikuwa hivyo, na pia maana hawakuwa na pumzi. Mtumbwi ulikwenda hatua, ukasimama, ukaenda hatua. Mimi nilichomeka pondo, nikasukuma, nikazungusha, nikachomoa. Halikuwa linasaidia kitu. Lilikuwa linashika njia tu, pua isipinde. Katikati ya ziwa Baba Rukia alizama mpaka kiunoni. Wakamvuta. Aliinua mkono umejaa tope, akalitazama, akalisugua kati ya vidole kama mtu anayekagua shamba kabla ya kupanda.

"Udongo huu ni wangu," akasema taratibu. Ndilo neno pekee lililosemwa pale katikati. Akarudi kusukuma.

Tulipokaribia ng'ambo nikaliona gati dogo, nguzo zake zimeinama. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe kwa mazoea ya miaka.

"Shikamoo, Mzee."

Wanaume wakainamisha vichwa. Nikaegemea pondo kwa uzito wangu wote kuuzuia mtumbwi kwa nyuma, na wao wakapunguza nguvu bila kuambiwa, na pua ikagusa. Kama paka, mguuni kwa mtu.

Nikasubiri. Hoza alikuwa ameshika jeneza kwa mikono miwili, tope limemrukia mpaka usoni. Aligeuka akanitazama.

"Hukugonga," akasema.

Wakapanda naye kwenye mikuyu. Mimi nikabaki mtumbwini, nasikia majembe. Nilipotaka kuchomoa pondo ili nijiandae kwa safari ya kurudi, halikutoka. Nikazungusha kushoto, nikazungusha kulia, limekwama. Nikakumbuka nilivyofundishwa na Mzee, nikaliachia. Halikulala. Lilibaki limesimama lenyewe, wima, na mimi nilikuwa sijawahi kuona pondo likisimama bila mtu. Siku hiyo ndiyo nahesabu kuwa nilistaafu.

Hivi sasa niko Mombo, nauza chai na vitumbua pale mabasi yanaposimama, na jua la huko limenibabua kiasi kwamba mama hunitania nimehamia jangwani. Abiria huniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nawaambia nina boti la bluu juu milimani, lina mapazia, wanadhani natania. Hoza akipata abiria wachache tunakaa na kuzungumza habari ya kuotesha matete upya, kwenye viroba kwanza, juu kabisa ya mto kabla haujapata kasi. Baba Rukia ameshatupa kona ya shamba lake. Tumeotesha kidogo, mbuzi wakala nusu. Nusu iliyobaki bado iko hai, ingawa sidhani kama nitayaona yakifanya kazi yoyote.

Mnaojifunza kazi leo, kazi yoyote ile, nawaomba jambo moja. Mkikuta sheria ya zamani ambayo sababu yake imekwisha, kabla hamjaing'oa kaeni nayo mvua mbili tatu. Huenda aliyewapa sababu naye hakuwa anaijua yote. Sisi hatukukaa hata mvua moja, na hapakuwa na mtu mbaya kati yetu.

Ziwa limegawanywa vipande na kabichi zake ni kubwa sana, kusema kweli, maana udongo wote mzuri wa milima ile uko pale. Pondo langu bado limesimama, karibu na gati la ng'ambo. Limekuwa mpaka kati ya mashamba mawili. Goti limefunikwa zamani, kiuno kinaonekana nusu. Nikipanda kumsalimia mama huvuka mpaka pale, kwa miguu, katikati ya matuta, mahali ambapo zamani nisingefika bila mtumbwi. Nasimama kidogo. Nasema shikamoo, nasubiri, halafu naendelea.